Mwalimu Ambaye Hakuwahi Kuigwa

Hii imenifikia asubuhi nikiwa bado na usingizi machoni, na sijui aliyeianza ni nani. Isome taratibu. Ukimaliza, mtumie mtu aliyewahi kukufundisha, hata kama alikuchapa.

Palikuwa na shule ya bweni huko milimani, ambako ukungu huingia darasani bila kubisha hodi na kukaa viti vya nyuma. Siku ya mahafali, kidato cha nne walikuwa na desturi yao ya kuaga: waliwaiga walimu jukwaani, mmoja baada ya mwingine, bila kutaja jina. Kazi ya wadogo zao ilikuwa kutambua na kulipaza jina. Kazi ya walimu ilikuwa kujifanya hawajajitambua.

Hakuna aliyenuna siku hiyo. Mwalimu aliyeigwa anavyokoroma kikaoni alitembea kifua mbele wiki nzima, maana kumbe watoto walikuwa wanamwangalia.

Ila mmoja hakuwahi kuigwa hata mara moja. Huyo ni Mwalimu Tumsifu wa Jiografia. Kila mwaka alivaa kitenge chake kizuri, akakaa mstari wa mbele, akawacheka wenzake, kisha akarudi nyumbani kimya. Na sasa alikuwa anastaafu. Mahafali haya yalikuwa ya mwisho kwake.

Siku chache kabla, alikutana na Nyamizi kwenye njia ya bwaloni. Nyamizi alikuwa bingwa wa kuiga katika kidato cha nne. Akipiga chafya ya mkuu wa shule, wenzake walisimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, mwaka huu na mimi mmenipangia kitu?"

Aliuliza kwa utani, lakini macho yake hayakuwa na utani. Nyamizi akajikuta anajibu, "Wewe subiri tu, Mwalimu. Utacheka mpaka ushike mbavu."

Hakuwa amempangia chochote.

Alianza kumchunguza. Akamfuata kwa macho akiingia darasani, akitoka, akinywa chai. Hakuona kitu. Mwalimu hakuwa na mwendo wa madaha, wala kikohozi, wala miwani ya kuteleza puani. Akawauliza wenzake, "Jamani, Mwalimu Tumsifu ana nini?"

Walifikiri sana. "Ana... yupo tu," wakasema.

Mbonea, aliyepangiwa kumwigiza mwalimu wa Hesabu, akatoa ushauri wake. "Mpe kuchechemea. Watu watacheka."

"Hachechemei. Huko si kumwiga, ni kumsingizia."

Siku hiyo hiyo kwenye mazoezi Mbonea alisahau maneno yake, akabaki anatumbua macho. Nyamizi akaketi sakafuni mbele yake, akamwambia, "Hatuna haraka. Anza pale unapopajua." Mbonea akaanza, yakamjia yote. Mazoezi yakaendelea.

Mchana wa siku moja kabla ya mahafali, Nyamizi alisinzia bwenini. Akaota yupo getini, ukungu umejaa, na walimu wanapita wakiacha viatu vyao kwenye nyasi. Alivaa vya huyu, vikambana. Alivaa vya yule, vikampwaya. Mwisho akapita Mwalimu Tumsifu, miguu mitupu, haachi alama kwenye umande.

"Mwalimu, viatu vyako viko wapi?"

Mwalimu akaitazama miguu ya Nyamizi, akatabasamu. Nyamizi akataka kuinama aangalie. Kengele ikamwamsha.

Siku ikafika. Bwalo lilijaa, na ukungu nao ulikuja kama mwalikwa. Mbonea alipoandika ubaoni kwa mkono mmoja na kufuta kwa mwingine, wadogo wote walipaza jina la mwalimu wa Hesabu. Nyamizi akatoka na koti kubwa, mto tumboni, akapiga chafya. "Mkuu wa shule!" bwalo likapasuka kwa kicheko. Mkuu mwenyewe akawa anachunguza dari.

Igizo likaisha hapo. Nyamizi alimtupia jicho Mwalimu Tumsifu. Bado alikuwa anatabasamu, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua pindo la kitenge. Nyamizi aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni. Alitamani ukungu umfunike.

Kilichobaki ni neno la shukrani la wadogo, ambalo kwa desturi husemwa na njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza. Akapanda binti mdogo anayeitwa Sekela. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akatazama ule umati, na nyuma kuna walioanza kuguna.

Nyamizi alikuwa bado jukwaani na mto wake tumboni. Hakufikiri. Akaketi sakafuni, chini ya usawa wa macho ya Sekela, akainua uso.

"Hatuna haraka, mdogo wangu. Anza pale unapopajua."

Walioguna nyuma wakanyoosha shingo waone. Kisha sauti moja kutoka kidato cha pili ikapaza, "Mwalimu Tumsifu!"

"Mwalimu Tumsifu! Mwalimu Tumsifu!" Sasa ni bwalo zima, wanapiga meza, wengine wamesimama juu ya mabenchi.

Nyamizi akageuka huku na huku. "Lakini mimi siigizi!" akasema. Hakuna aliyemsikia.

Mstari wa mbele, Mwalimu Tumsifu alimshika mkono mkuu wa shule. "Hivi kweli mimi huwa nakaa hivyo?"

"Kila mtoto anapokwama, mama. Hata mimi uliwahi kuketi chini mbele yangu hivyo, ukaniambia maneno hayo hayo, nilipokuwa njuka hapa hapa."

Mwalimu Tumsifu akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha machozi yakaja, akayaacha yatiririke. Alikuwa na furaha, na hakuificha.

Nyamizi, pale chini, aliikumbuka ile ndoto. Safari hii aliinama akaitazama miguu yake.

Naye Sekela, aliyekuwa amesahaulika katikati ya kelele, alikuwa amepata pa kuanzia. "Dada na kaka zetu," alisema, "ninachokijua ni kwamba tutawakumbuka sana. Isipokuwa mlivyokuwa mnatuamsha kuwachotea maji. Hilo tutajitahidi kulisahau."

Kidato cha nne ndio waliopiga makofi kuliko wote.

Funzo: Ukimtafuta mwalimu wako usione alama aliyoiacha, jitazame wewe unavyowatendea wengine, huenda alama hiyo umekuwa ukitembea nayo siku zote.