Fisi, Shangazi wa Arobaini

Paukwa?
Pakawa.
Uji?
Uko motoni.
Watoto?
Hawajalala.
Basi sogeeni, na mwenye mtoto mgongoni asogee zaidi.

Hapo kale, penye majabali, aliishi Bi Pimbi na watoto wanne, wa mwisho kichanga cha juzi. Mumewe alikuwa safarini kutafuta malisho. Bi Pimbi alichoka, jamani, alichoka hata akitafuna jani anasinzia kabla ya kumeza.

Fisi akanusa harufu ya watoto. Akajitanda kanga, akabisha, ko ko ko.

"Hodi. Mimi shangazi wa mumeo, wa ng'ambo ya mto. Nimekuja kumtunza mzazi mpaka arobaini iishe."

Bi Pimbi akamtazama kuanzia kichwani mpaka chini kabisa.

"Shikamoo, shangazi. Mwiko ule pale, kinu kile pale, watoto hawa hapa. Miye naegama." Akalala fofofo.

Fisi akameza mate. Lakini akimkamata mmoja, wengine watapenya kwenye nyufa za mawe, na kichwa chake hakipiti humo. Naye aliwataka wote. "Nitawabembeleza walale," akawaza, "kisha nile kwa nafasi."

Akambeba kichanga. Nyaa! Nyaa! Akatembea naye, akamwimbia, kichanga akalala. Alipomlaza tu, wa tatu akaamka: "Shangazi, njaa." Akatwanga, twa twa twa, akakoroga uji, akaupoza, akamlisha. Wa tatu akalala, wa pili akaamka: "Shangazi, nimejikojolea." Akafua, fyu fyu fyu, akaanika. Wa pili akalala, mkubwa akaamka: "Shangazi, kwa nini maji hayana mfupa?"

"Basi tu."

"Basi tu kwa nini?"

Fisi akajibu mpaka ulimi ukakauka. Mkubwa akalala. Nyaa! Nyaa! Kichanga huyo.

Mmoja akilala, mwenzake anaamka. Anayeamka anamwamsha aliyelala. Jua likapanda, jua likashuka, maji yakaisha, akaenda mtoni, akarudi, nepi zimejaa tena. Mgongo wake, uliokuwa umenyooka asubuhi, ukainama, na mpaka leo haujanyooka. Giza lilipoingia Fisi akaanguka chini, akalala kabla ya mtoto hata mmoja.

Alfajiri akafumbua jicho moja. Bi Pimbi alikwisha amka, ameshiba usingizi kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Kichanga yuko ziwani ananyonya. Mkono unakoroga uji, mguu unambembeleza wa tatu, wa pili anampanda mgongoni, na mdomo unamweleza mkubwa kwa nini jua halina mkia. Katikati ya hayo yote alikuwa anaimba.

Fisi akakodoa na jicho la pili. Aliwahi kumwona simba akiangusha nyati, na siku ile hakushangaa hivi. Kiumbe kidogo namna ile, nguvu zinatoka wapi?

"Mama," akasema, na neno hilo hakuwahi kumwambia mnyama yeyote, "haya unayafanya kila siku?"

"Jana walikuwa watulivu, shangazi, walikuona mgeni. Leo wamekuzoea. Na arobaini bado mbichi. Haya, shika mwiko. Kanga nayo uifunge vizuri, mkia wako unaonekana tangu jana."

Fisi akatoka, vuu! Kanga ikabaki mlangoni. Bi Pimbi akaiokota, akaichana nepi.

Basi watoto, funzo ni hili: mtoto mzuri hulala akiambiwa alale. Wale wa Bi Pimbi wangekuwa watoto wazuri, wangeliwa wote.

Ngano yangu nailaza hapa. Atakayeiamsha, aibebe mwenyewe.