Mhanga na Ufa wa Tuta

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, moto huu unatutosha sote. Nitasema polepole.

Mambo yaligeuka siku ya Alhamisi, tarehe nane, mwezi wa kwanza wa masika, saa nne asubuhi. Ni zamani hizo, wanyama walipokuwa na nchi yao na Mungu akiwaruzuku bila jembe. Palikuwa na ziwa, na chini yake bonde, na katikati tuta la udongo lililozuia maji. Kila mwaka wanyama walichagua mlinzi wa tuta. Desturi yao ilikuwa hii: anayeitaka kazi husimama juu ya tuta, huulizwa maswali matatu, hujibu. Kisha kila mnyama husimama nyuma ya amtakaye.

Mwaka ule walisimama wawili. Mmoja alikuwa Mhanga, mchimbaji, ambaye alikuwa ameuona ufa kwenye tuta. Wa pili alikuwa Mbega, mwenye joho jeupe la manyoya na mkia mweupe, ambaye baba yake alikuwa mlinzi, na babu yake pia. Wanyama walimpenda Mbega mpaka wakaipaka mikia yao chokaa ili wafanane naye.

Chini kabisa ya tuta aliishi Bi Tunu, dada yake Mhanga, pamoja na mumewe na watoto wawili. Asubuhi ile Mhanga alimkuta mlangoni, mkia wake mweupe pe!

"Hata wewe, dada?"

"Ni chokaa tu, kaka. Yule kijana anapendeza, niseme uongo? Lakini nitasimama nyuma yako. Nenda ukawaambie habari ya ufa. Mimi na wanangu tunalala chini yake."

Mhanga hakusikia habari ya ufa. Alisikia kwamba yule kijana anapendeza. Akapanda juu ya tuta, moyo unamchoma.

Kobe ndiye aliyeuliza. Akaanza na Mbega. "Tuta likivuja, utaliziba kwa kitu gani?"

Mbega akaruka juu, joho likafunguka. "Mnaniona?"

"Tunakuona!"

"Maji yakija, watoto watahamia wapi?"

Akaruka juu zaidi. "Mnaniona?"

"Tunakuona!"

"Na kazi utaianza lini?"

Akaruka juu kupita yote. "Mnaniona?"

"Tunakuona! Mbega wetu! Mbega!" Fisi akalia machozi kwa mapenzi.

Ikafika zamu ya Mhanga. Kobe akamwuliza, "Tuta likivuja, utaliziba kwa kitu gani?"

Jibu alikuwa nalo. Udongo wa mfinyanzi, mawe na siku mbili za kazi. Lakini aliwatazama wanyama, akaona wote wamemgeukia Mbega. Akasema, "Joho la yule hana kazi nalo ila kujifunikia uvivu!"

Wakageuka wote. Wengine wakacheka, wengine wakazomea. Mhanga akaona utamu wa kutazamwa.

"Maji yakija, watoto watahamia wapi?"

"Mwulizeni Mbega kama hata kuoga anaoga!"

"Na kazi utaianza lini?"

Hapo Mhanga akaruka. Naam, akaruka, na masikio yale na tumbo lile, akaanguka kifudifudi. Bonde zima likacheka. Chini, Bi Tunu alipiga kelele, "Kaka, ufa! Sema ufa!" Nani amsikie?

Mbega akachaguliwa.

Siku ya tatu mvua ikanyesha, na mchana tuta likapasuka. Maji yakashuka. Mbega alikuwa juu ya mti, kama ilivyo kawaida yake. Wanyama waliookoka walikimbilia pale wakiuliza, "Mbega wetu mzima? Mbega wetu mzima?" Walipomwona wakashangilia. Mhanga alikuwa peke yake kwenye tope, akichimba. Alimtoa shemeji yake akiwa hai. Alimtoa dada yake na watoto wawili, na hao hawakuwa hai.

Wakati wa maziko Mbega alikuja na joho lake, na macho yote yakamfuata. Mhanga akaona hata hapa, hata kwa dada yake, anatazamwa yule. Matusi yakampanda kooni. Akafungua kinywa.

Shemeji yake akamshika mkono. "Shemeji, nakuomba. Leo si siku ya Mbega. Leo ni ya mke wangu."

Mhanga akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Niliuona ufa. Niliuona kabla yenu wote. Nikapewa nafasi mara tatu, nami mara mbili nikamsema Mbega, ya tatu nikaruka kama yeye."

Hakuna aliyepiga makofi. Wengine walikuwa bado wanamtazama Mbega. Mhanga akainama, akaanza kufukia makaburi kwa kucha zake, na shemeji yake akainua mikono.

Hadithi nimeitua hapo, siwezi kuibeba zaidi. Nanyi inueni mikono, tuitikie dua ya mume wa Tunu:

Ewe Mola, mrehemu Tunu na wanawe wawili. Wapanulie makaburi yao, watilie nuru humo, uwakutanishe na waliowatangulia. Na sisi tuliobaki, tusamehe tulichokiona tusikiseme. Amina.