Valvu ya Mgeni Rasmi

Wapendwa, palikuwa na mhandisi mmoja katika kiwanda cha gesi, na kazi yake ilikuwa kuchagua valvu. Valvu yenyewe ni tufe la chuma lenye tundu, limekaa ndani ya bomba. Ukizungusha mpini, tundu linageukia pembeni na gesi inasimama.

Sasa, gesi ya pale ilitoka kisimani na mchanga wake. Ilitaka valvu ambayo pete zinazolibana tufe ni za chuma. Ngumu kuzungusha, ndiyo, lakini mchanga hauziwezi. Mhandisi alilijua hilo vizuri kabisa! Ila siku ya uzinduzi ilikaribia, na mgeni rasmi ndiye angefungua bomba mbele ya kamera. Mzee wa watu ahangaike na mpini, jasho limtoke, watu wacheke? Thubutu! Akachagua valvu yenye pete za plastiki, laini, unaizungusha kwa vidole viwili.

Mhandisi mwenzake akaja juu. "Mchanga utazila hizo pete! Siku ya kufunga utafanyaje?"

"Dada, mgeni haji kufunga. Anakuja kufungua."

Jamani! Mnayasikia maneno hayo?

Basi mgeni akafungua. Makofi, vigelegele, picha. Mhandisi akapandishwa cheo, na mchanga ukawa unafanya kazi yake kimyakimya. Asubuhi moja bomba likapasuka mbele ya ile valvu, moto ukalipuka, fundi mmoja akanasa upande wa pili. Mhandisi akaurukia mpini yeye mwenyewe. Ukageuka kwa ulaini uleule.

"Funga, bosi! Naungua!"

"Nimefunga! Nimefunga, ndugu yangu!"

Na kweli alikuwa amefunga. Gesi ikaendelea kupita. Kwenye mazishi, mgeni rasmi alikuwa yuleyule.

Mmekasirika? Vizuri. Na sisi je? Imani yetu tumeichagua kwa ajili ya nani? Tumechukua ile laini, ya kufunguliwa Jumapili mbele ya watu: mapambio, mikono juu, machozi kidogo. Hasira ikikupanda na mtoto wako amesimama mbele yako, inafunga? Chupa ikiwa mezani, inafunga? Yupo mtu nyumbani kwako anayekulilia ufunge, nawe unamjibu kwamba umeokoka!

Msiniitikie amina. Nendeni nyumbani mkazungushe mpini, kisha mmuulize aliye upande wa pili kama gesi imesimama.