Mgongo wa Shati la Mzee Mbonea

Wewe uliyefikiwa na ujumbe huu, usome mpaka chini kabla hujaupitisha kwa mwenzako.

Mzee Mbonea alikuwa na mabega mapana na mikono mifupi. Mashati ya dukani yalimkejeli. Likimkaa mabegani, mikono yake humeza vidole; likimkaa mikononi, vifungo vya kifuani hukatika. Kwa hiyo binti yake Nakijwa alipoposwa, mzee aliapa kwamba siku ya kuja wakwe atavaa shati la kupimwa, lililoshonwa kwa mwili wake mwenyewe.

Akazunguka kwa mafundi wa mji mzima akitafuta wa bei nafuu, na kila alikotoka alitoka akifoka.

"Wezi! Mnashona shati au mnajenga nyumba?"

Akaishia kwa Mama Nizaeli, mwenye cherehani barazani nyuma ya soko. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Mzee akaiona bado kubwa.

"Baba Nakijwa, hapo ni kitambaa cha popelini na uzi tu. Jasho langu nimeshalitoa sadaka."

"Basi punguza popelini."

"Nipunguze wapi?"

"Kusikoonekana. Nitavaa koti. Kola, kifua na mikono viwe safi. Mgongoni tia hii." Akamtupia mfuko mtupu wa unga, wa kitambaa, aliotoka nao nyumbani.

Mama Nizaeli akaukunjua. "Maandishi haya hayatoki hata kwa kuchemsha."

"Nani atanisoma mgongo?"

"Wakwe zako ni watu wa wapi? Uliza kwanza desturi zao."

"Shona, mama! Nimekuja kupimwa shati, sikuja kuhojiwa."

Mama Nizaeli akashona.

Siku ikafika. Ukimtazama kwa mbele, mzee alipendeza hata mkewe akageuka kumtazama tena. Watu walipokwisha kula, mjomba wa bwana harusi akasimama na koti jipya mikononi.

"Kwetu, anayetupatia binti hatumwachi na koti alilovaa. Tunamvua kwa mikono yetu, tunamvisha la kwetu."

Mzee akalikumbatia koti lake. "Asanteni. Liwekeni tu, nitalivaa kesho."

Wakwe wakacheka, wakidhani anaona haya. Mmoja akavuta mkono huu, mwingine ule, koti likatoka.

Kisha shangazi mmoja wa upande wa wakwe akasoma kwa sauti: "Sembe safi. Weka mahali pakavu."

Na mgongo wenyewe ulikuwa umelowa jasho. Uwanja ukaangua kicheko.

Mjomba hakucheka. Alilibana koti jipya kwapani. "Na binti tunayepewa, naye ameshonwa mbele tu?"

Mzee akawaka. "Ni fundi huyu! Amenihujumu! Mwizi mkubwa!" Akamnyooshea kidole Mama Nizaeli, aliyeketi kati ya waalikwa.

Mama Nizaeli akainuka. "Nimekuibia nini? Mfuko ni wako na neno ni lako. Mgongo wako huuoni wewe, ukadhani na sisi vipofu."

Hapo Nakijwa akatoka alipokuwa ameketi. Akavua kitenge cha begani, akamfunika baba yake mgongo. Kisha akasimama mbele ya mjomba, akajizungusha polepole.

"Mjomba, tazama mbele, tazama na nyuma. Ukiona kiraka, rudi kwenu na koti lako."

Mjomba akainamisha macho. Akalikunjua lile koti, akamvisha mzee.

Nakijwa akamwinamia baba yake sikioni. "Nimekufunika kwa sababu wewe ni baba yangu. Lakini mwite tena mama huyu mwizi, nami kitenge changu nakichukua."

Mzee Mbonea akatafuta wa kumfokea, akamkuta mmoja tu aliyebaki, naye alikuwa ndani ya koti jipya.

Shati lile halikutupwa. Limehifadhiwa kwenye sanduku la ukoo mpaka leo, na kila binti anapoposwa hutolewa likaonyeshwa, upande wa nyuma kwanza.

Funzo: Usipunje pale unapodhani hapaonekani, maana asiyeuona mgongo wako ni wewe tu. Na aibu uliyoiagiza mwenyewe, usimvike fundi.