Shule Iliyorudia Kila Neno

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo punda milia alikuwa bado anaazima mistari kwa jirani, wanyama walikuwa na shule. Msicheke! Shule kamili, ya umma, yenye paredi, kengele na mwalimu wa zamu. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini shule ile naijua kuliko waliosoma mpaka macho yakaingia ndani. Kwa hiyo kaeni vizuri, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako.

Mwalimu mkuu alikuwa Nyati. Mkubwa! Akiingia ofisini, ofisi ilitaka kutoka nje. Alikuwa na sauti moja nene, na aliona hiyo inatosha shule nzima.

"Hamjambo?" alikuwa akinguruma paredini.

"Hatujambo, Mkuu!"

"Mmefurahi?"

"Ndiyo, Mkuu!"

"Mna njaa?"

"Ndiyo, Mk…"

"NIMESEMA MNA NJAA?"

"Hapana, Mkuu!"

Na msidhani walimu walipona. Kwenye kikao cha walimu Nyati alisema peke yake mpaka chai inapoa, halafu Kobe, Ngiri na wenzao wakajibu, "Tumepokea, Mkuu." Kikao kimekwisha, nendeni mkafundishe.

Mmoja tu ndiye hakupokea kila kitu. Huyo ni Mwalimu Kanga. Mdogo, madoadoa mwili mzima, akicheka utasikia kekekeke hadi ng'ambo ya mto. Yeye akimaliza somo huuliza, "Haya wanangu, nani ana swali?" Basi hapo utaona mikono, kwato, mabawa, vyote juu!

Na katika darasa lake alikuwemo Pimbi. Mnamjua Pimbi? Akisimama unadhani amekaa, akikaa unadhani ameondoka. Mkia hana hata wa kuazima. Lakini maswali! Kichwa chake kilikuwa kama mzinga wa nyuki.

"Mwalimu, kwa nini mwezi haudondoki?"

"Swali zuri!" akasema Kanga. "Wengine mnasemaje?"

"Umefungwa kamba!" akadakia Tumbili.

"Umeshiba," akasema Kiboko mdogo. "Mimi nikishiba siendi popote."

Kekekeke! Darasa zima likacheka, na Kanga ndiye aliyecheka zaidi.

Pimbi akanyoosha tena. "Mwalimu, na yale matikiti ya bustani ya shule? Kila asubuhi tunayamwagilia. Yakiiva hatuyaoni. Huwa yanakwenda wapi?"

Darasa zima likamgeukia Kanga.

Kanga akakuna shingo. "Hilo nalo ni swali zuri. Jibu lake silijui. Nitamuuliza Mkuu."

Wala hakuhitaji kwenda mbali. Dirishani zilikuwa zimeota pembe mbili.

"NANI KAULIZA?" Nyati alinguruma hadi chaki ikavunjika yenyewe. "Hii ni shule au gulio? Kanga! Unawafundisha watoto kuwa na midomo?"

"Midomo walikuja nayo, Mkuu," akasema Kanga kwa upole.

Yalaa! Siku hiyo hiyo Nyati akaandika barua ya uhamisho. Mwalimu Kanga apelekwe Jangwani, kule ambako wanafunzi ni nge wawili na mjusi mtoro, na mti wa karibu ni wa kusimuliwa. Barua ilikosa kitu kimoja tu, muhuri wa guu la Ndovu. Ndovu ndiye aliyekuwa mkubwa wa elimu wa msitu wote, na Ijumaa alikuwa anakuja shuleni kama mgeni rasmi. Guu likishashuka, pu! basi, hakuna rufaa.

Kanga akaanza kufunga mzigo. Watoto wakalia. Kiboko mdogo alilia mpaka darasa likahitaji deki.

"Nani atatusikiliza sisi?" wakauliza.

Pimbi hakulia. Alikuwa anakuna pale ambapo mkia ungekuwepo, na akikuna hapo ujue kuna mtu yatamkuta.

"Mwalimu," akasema, "huo mzigo usiukaze sana. Fundo la kilegevu linatosha."

Akaenda zake ofisini kwa Nyati. Ngo ngo ngo!

"Hodi!"

"Nani huyo? Mbona sioni mtu?"

"Tazama chini, Mkuu. Chini tena. Hapo hapo. Shikamoo!"

"Marahaba, kijitu! Umekuja kuuliza?"

"Kuuliza? Astaghafiru, Mkuu! Nimekuja kutubu kwa niaba ya wenzangu. Tumegundua kuwa sauti zetu hazifai. Yangu mimi inakwaruza. Ya Tumbili imejaa ndizi. Sasa Ijumaa mgeni akija akizisikia, si aibu kwako?"

Nyati akaacha kutafuna. "Enhe?"

"Tunaomba siku hiyo tutumie ya kwako tu. Ukisema neno, tulirudie lilivyo. Shule nzima, sauti moja!"

"Sauti yangu!"

"Sauti yako, Mkuu."

Nyati akafumba macho kama mtu anayekunwa mgongoni. "Na walimu?"

"Hasa walimu! Wao ndio wameizoea zaidi."

"Na atakayeongeza neno lake?"

"Viboko."

"Na atakayeruka neno langu?"

"Viboko mara mbili! Maana huyo, Mkuu, anachagua. Anajiambia hili nirudie, hili nisirudie." Pimbi akashusha sauti kama anayetaja ugonjwa. "Huyo ana maoni."

"MAONI!" Nyati akaruka kitini. "Katika shule yangu? Sitaki! Warudie kila kitu! Hata nikikohoa, wakohoe! Kikohozi changu ni cha mwalimu mkuu!"

"Sikufikia huko, Mkuu. Ama kweli una akili."

"Najua," akasema Nyati.

Amri ikatangazwa paredini, mazoezi yakaanza. Nyati akisema, shule inarudia. Nyati akikohoa, shule gho gho gho! Alifurahi mpaka akasahau kula chakula cha mchana, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Kanga akamvuta Pimbi pembeni. "Mwanangu, hata wewe? Mimi niliwafundisha kusema lenu."

"Ulitufundisha pia kusikiliza kwa makini, Mwalimu," akasema Pimbi. "Ijumaa tutasikiliza."

Ijumaa ikafika. Uwanja umefagiliwa, mawe yamepakwa chokaa, walimu wamepanga mstari. Gudu, gudu, gudu, Ndovu akaingia, akaketi. Barua ya Kanga ikawekwa mezani, mbele ya guu lake.

Nyati akajikohoza. Gho!

"GHO!" shule nzima.

Akatabasamu. "Mheshimiwa mgeni rasmi, karibu sana!"

"MHESHIMIWA MGENI RASMI, KARIBU SANA!"

"Shule yetu haina tatizo lolote!"

"SHULE YETU HAINA TATIZO LOLOTE!"

"Walimu wetu wana furaha tele!"

"WALIMU WETU WANA FURAHA TELE!" walipiga ukelele Kobe na wenzake, nyuso kama wamelamba shubiri.

Ndovu akatikisa masikio. "Safi. Mna nidhamu." Guu likaanza kunyanyuka juu ya barua. Kanga akafumba macho. Halafu Ndovu akamwona Pimbi mstari wa mbele, guu likabaki hewani. "Wewe mdogo, uko darasa la ngapi?"

Pimbi akamtazama Nyati, akingoja neno.

Nyati akanong'ona, "Sema la tatu."

Sasa mnong'ono wa Nyati, jamani, ni kama mashine ya kusaga iliyofunikwa gunia.

"SEMA LA TATU!" ikanguruma shule.

"Nyamazeni," Nyati akanong'ona.

"NYAMAZENI!"

Ndovu akashusha guu pembeni, si kwenye barua. "Nani anyamaze? Mimi?"

"Hapana, Mheshimiwa!"

"HAPANA, MHESHIMIWA!"

"Wanatania tu."

"WANATANIA TU!"

Jasho likaanza kumtoka Nyati. Ndovu akaona afadhali abadilishe mazungumzo. "Mwalimu Mkuu, nasikia mna bustani ya matikiti. Hebu niletewe moja, koo limekauka."

Nyati akamwinamia Ngiri, mwalimu wa zamu, akamnong'oneza: "Ngiri, kimbia stoo kwangu, fukia maganda yote kabla huyu bonge hajayaona."

Mungu wangu! Wadogo kwa wakubwa, walimu kwa wanafunzi, mstari wa mbele hadi wa nyuma, neno kwa neno:

"NGIRI, KIMBIA STOO KWANGU, FUKIA MAGANDA YOTE KABLA HUYU BONGE HAJAYAONA!"

Na Ngiri mwenyewe alirudia, tena kwa bidii, kwa kuogopa viboko.

Ndovu akasimama polepole. Jua likapotea nyuma yake. "Bonge?"

"Sikusema mimi!" akalia Nyati.

"SIKUSEMA MIMI!" ikalia shule.

"Ni huyu Kanga! Ndiye aliyewatia maswali!"

"NI HUYU KANGA! NDIYE ALIYEWATIA MASWALI!"

"Watoto wakiuliza hivi, mimi nitakula wapi?"

"WATOTO WAKIULIZA HIVI, MIMI NITAKULA WAPI?"

Hapo Kanga hakuweza kujizuia tena. Kekekekeke! Akacheka hadi akaangukia mzigo wake, na lile fundo la kilegevu likafunguka, chaki zikatawanyika uwanjani.

Nyati akaziba masikio kwa kwato. Akipiga kelele, wanapiga. Akilia, wanalia. Akijikwaa, shule nzima inajikwaa. Mwisho akapiga magoti.

"Jamani, nimeshindwa! Nawaomba, kila mmoja aseme lake!"

"JAMANI, NIMESHINDWA! NAWAOMBA, KILA MMOJA ASEME LAKE!"

Kisha wote wakatazamana. Amri ya Mkuu ndiyo hiyo, na wameirudia wenyewe kwa vinywa vyao.

Kobe akawa wa kwanza. Miaka yote ile alikuwa amepokea tu. "Mimi," akasema polepole, "sina furaha tele. Darasa langu linavuja."

"Na mimi nilikuwa na njaa siku ile paredini!" akasema Kiboko mdogo.

"Na mimi maganda nimechoka kuyafukia," akasema Ngiri.

Wee! Uwanja ukachemka. Kila mmoja na lake, hakuna aliyefanana na mwenzake, na Ndovu ametega masikio yote mawili kama majamvi. Alipowasikiliza hadi wa mwisho, akaichukua ile barua, akafuta jina la Kanga, akaandika la Nyati, akainua guu. Pu!

Nyati akaenda Jangwani. Nasikia kule alijaribu tena, "Rudieni!" Nge wakamjibu kwa mkia.

Lakini nisikimbie. Uwanjani Pimbi alikuwa bado ameinua mkono.

"Sema, mdogo," akasema Ndovu.

"Kwa nini mwezi haudondoki?"

Ndovu akafikiri. Akafikiri tena. Akamgeukia Kanga. "Mwalimu, hata mimi nilikuwa najiuliza tangu utotoni, ila niliona haya. Leo una kipindi?"

"Ninacho, Mheshimiwa. Karibu ndani."

Ndovu akaingia darasani, akajibana nyuma, akakalia dawati. Kwaachaa! Dawati likawa kuni. Akakaa chini, akanyoosha mkonga juu kama wenzake, na matikiti yaliyobaki bustanini yakakatwa yakaliwa na wote. Jibu la mwezi mimi nalijua, ila muulizeni mwalimu wenu kwanza.

Basi hadithi yangu imefikia ukingoni, nami nawaachia hili moja: anayetaka vinywa vyote viseme kwa sauti yake, siku moja atausikia hata mnong'ono wake.