Zamu ya Ijumaa ya Bibi Navoneiwa

Sogeeni karibu, na asiyetaka ugomvi aondoke mapema, maana kisa hiki kimeshagombanisha watu na wake zao.

Chini ya milima ya Upare kuna kijiji kinacholima kwa bwawa moja dogo, wenyewe wanaliita ndiva. Linajaa usiku, linafunguliwa asubuhi, na kila nyumba ina zamu yake. Bibi Navoneiwa, mjane, alikuwa na Ijumaa nzima. Alikuwa pia na wake watatu wa wanawe, kila mmoja amejaliwa lake. Elieshi, mdogo wao, alikuwa na mkono wa mpunga. Nankondo alijua ng'ombe wa maziwa kuliko alivyomjua mumewe. Na Nakijwa, mkubwa, aliweza kuvuna mtama penye vumbi tupu. Alilazimika, maana zamu yake ilikuwa ya jioni, bwawa likiwa limebaki tope.

Tuseme ukweli tu: Nakijwa alikuwa na wivu, tena si wa kuficha. Akiona maji yanaingia kwa Elieshi, siku hiyo chakula hakimpiti kooni.

Mwaka mmoja Bibi akaugua, akagoma kula. Siku tisa! Wanawe wakaanza kunong'onezana habari za jeneza.

Nakijwa akapika uji mwepesi wa mtama, akamnywesha kijiko kimoja kimoja, tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Koo la Bibi likafunguka.

Nankondo akaja na maziwa ya moto, ya ng'ombe aliyekamuliwa muda uleule. Bibi akamaliza kikombe, akaketi mwenyewe kitandani.

Elieshi akaleta wali, punje mojamoja, unanukia hadi barazani. Bibi akala, akaomba na ukoko, kisha akasimama akatoka nje kwa miguu yake kuwafokea kuku.

Alipopona akawaita. "Wanangu, mimi kulima basi. Ijumaa yangu namwachia mmoja, yule aliyenirudisha. Zamu haikatwi vipande, maji yatapotelea njiani. Haya, semeni."

"Mama, si uliinuka kwa wali?" Elieshi akasema huku anatabasamu. Nakijwa alitamani kulifuta tabasamu lile kwa kofi.

"Wali!" akadakia. "Mama, muulize huo wali umekunywa nini! Tangu kitalu hadi mavuno, mfereji umeingia kwake mara kumi na nane. Majani ya ng'ombe wa Nankondo, mara kumi na moja, bado ndoo za kumnywesha. Sahani moja uliyokula imemeza maji ya watu wangapi? Mtama wangu haukupata hata tone la ndiva!"

"Kumbe ulikuwa unakaa kunihesabia?" Elieshi akauliza.

"Msimu mzima!" Nakijwa akajibu bila haya.

"Mwenzangu, mama anakufa, wewe unahesabu maji?" Nankondo akaguna.

Bibi akawanyamazisha kwa mkono. "Hesabu yake ni ya kweli, na mimi sijawahi kuifikiria nikiwa na sahani mbele yangu. Nikimpa Elieshi, Ijumaa itaishia majarubani. Nikimpa Nankondo, itaishia kwenye majani. Lakini wewe Nakijwa, unayeweza bila maji, nikupe ya nini? Ukiipata, utapanda nini?"

Loo! Hilo hakulitegemea. Mdomo ukamtangulia.

"Mpunga, mama."

Elieshi hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Nakijwa zaidi. Machozi yakamtoka. "Miaka kumi na miwili nafungua mfereji, nakuta tope. Na mimi nataka mgeni aje kwangu, asifie wali wangu. Ni vibaya?"

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na mlinzi wa ndiva alikwisha kufika mlangoni, anasubiri jina moja.

Sasa nanyi niambieni. Bila uji, koo lingebaki limefungwa. Bila maziwa asingeketi, bila wali asingesimama. Aliyetumia maji mengi aliyatumia vizuri, na asiyeyatumia hakuwahi kupewa. Ungekuwa wewe Bibi Navoneiwa, ungemtaja nani?

Ila kabla hujajibu: wewe mwenyewe, mchana wa leo umekula nini?