Mikwaju Aliyoikataa

Ndugu zangu, leo twendeni mahali ambapo wengi wetu huwa tunapita nje ya uzio tu: kwenye uwanja wa gofu.

Kule mshindi ni anayemaliza kwa mikwaju michache zaidi, lakini mchezaji dhaifu haachwi aaibike. Akimaliza kucheza, baadhi ya mikwaju yake hufutwa kwenye hesabu, ili asimame sawa na walio hodari. Punguzo hilo wanaliita handikapu. Kadiri unavyokosea, ndivyo unavyosaidiwa.

Basi, bwana mmoja alijiunga na klabu. Alipoulizwa handikapu yake, akaona haya kusema ishirini na nne, idadi ya mikwaju aliyostahili kufutiwa. Akasema kumi. Akahesabiwa kama hodari, akapiga kama alivyo. Kila Jumamosi alikuwa wa mwisho, na aliyeshika mkia ndiye aliyenunua soda. "Mdhamini wetu huyo!" wenzake walimpokea. "Leta za baridi!"

Yakaja mashindano ya wawili wawili. Akacheza na mkewe. Mama yule alicheza vizuri ajabu, lakini wakakosa kombe kwa mkwaju mmoja.

"Pole, baba watoto," mkewe akamwambia. "Umejitahidi."

Pole ile ikamchoma. Je, ungekuwa wewe, ungenyamaza?

Akamwendea nahodha wa klabu, jasho likimtiririka. "Bwana nahodha, nilidanganya handikapu yangu. Nifukuze mimi. Mke wangu hana kosa."

Nahodha akakunja uso. "Ulijiongezea?"

"Nilijipunguzia."

Nahodha akamtazama, kisha akaangua kicheko. "Bwana wee! Tunamfukuza anayechukua msaada usio wake. Wewe umeukataa ulio wako! Kombe limeshakwenda, hilo sitalirudisha. Lakini nikupe adhabu gani kuzidi uliyojipa mwenyewe?"

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashusha pumzi. "Kumbe! Mimi nilishadhani umerogwa."

Jumamosi iliyofuata, sasa akihesabiwa kwa ishirini na nne yake, alipiga vibaya vilevile. Ila alipiga huku akiimba.

Ndugu zangu, ni wangapi tumekaa kwenye mabenchi haya na kumi yetu ya uongo? Tunamwambia Mungu, "Mimi nina kasoro ndogo tu," halafu tunashangaa mbona tunarudi nyumbani tumechoka. Tunaogopa kwamba tukisema udhaifu wetu wote, mlango utafungwa. Nani alituambia hivyo? Rehema ilishapimwa kwa udhaifu wetu halisi, si kwa ule tunaoutangaza mbele za watu. Ni yetu. Inatungoja.

Tuseme ishirini na nne yetu, jamani. Tuiseme, tupumue.